Mihogo ya Jumwa

Watu wa misheni wakinisifu kwamba mimi ni mama wa wanafunzi, mimi huinuka nikaenda kuchochea moto hata kama chungu kimeshaiva. Sitaki kusikia. Kwa miaka mitano nimewapikia vijana wanaosomea ualimu hapa nyuma ya Kilifi, nimewafulia, nimewauguza homa zao na nimewagombeza hadi sauti ikakauka. Mmoja tu ndiye niliyemtia mkono moyoni, na nilipoutoa, nilikuwa nimemvunja.

Jina lake ni Kambi, mwana wa Mzee Mramba. Alikuja mwaka wa 1912, mmoja wa vijana sita waliochaguliwa kusoma darasa la juu, ili wakifaulu mtihani wawe walimu kamili. Kwao hawakukubaliana. Wazee walisema kijana wa watu hawezi kukaa ndani ya nyumba akitazama karatasi huku shamba likimea magugu. Mramba akasimama peke yake akasema mwanawe atasoma. Kwa hiyo Kambi alipoingia darasani hakuingia na kibao na chaki tu. Aliingia na baba yake mgongoni, na ukoo mzima ukimtazama kama ataanguka.

Basi akaanguka. Mwezi wa nne hali, halali, anaandika mstari mmoja mara arobaini na kuufuta. Wenzake wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Wengine walisema ana pepo. Padre, mwalimu wao, alisema ni uvivu, na adhabu ya uvivu ni kuchota maji. Nikamwambia Padre, kwa adabu zote nilizonazo, na si nyingi, kwamba mtu mvivu hatetemeki mikono. Akaniangalia, akasema, "Haya Dorcas, mchukue wewe."

Nikamchukua. Sikuwa na dawa. Nilimkalisha jikoni kila alasiri, nikampa mbuzi akune nazi, kwa sababu mtu anayekuna nazi hana budi kutazama mikono yake. Siku ya tatu akaanza kusema. Akasema herufi zinamkimbia. Akasema usiku husikia watu wakimsengenya, na asubuhi hajui kama alisikia kweli ama ni kichwa chake. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mtihani.

"Mama Dorcas," akaniuliza, "mtu atajuaje kichwa chake kinamdanganya?"

"Uliza mtu unayemwamini," nikamwambia. "Ukiwa na shaka na jambo lolote, njoo uniulize mimi. Mimi sikufichi kitu."

Na sikumficha. Alipouliza kama Padre anataka kumfukuza, nilimwambia hapana, ila katika hesabu wewe ndiye wa mwisho. Alipouliza kama wenzake wanamcheka, nilimwambia ndiyo, wanacheka unavyoimba, na mimi pia nacheka, kwa maana unaimba kama fisi aliyenyimwa mfupa. Akacheka mwenyewe. Siku ile alikula sahani mbili. Taratibu akarudi darasani, na kila alipoingiwa na wasiwasi alikuja mlangoni pangu, akauliza, nikajibu, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliiona ndogo.

Mtu mwingine aliyemtia nguvu alikuwa mama yake, Nyevu. Wagiriama wana juma lao la siku nne, na ya mwisho huitwa Jumwa. Kila Jumwa Nyevu alitembea tangu alfajiri kutoka kwao, akafika hapa adhuhuri na mihogo ya kuchemsha ndani ya kikapu na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno. Alikaa kwenye kizingiti changu, akamtazama mwanawe akila, akaniuliza, "Huyu bado hajamaliza hivyo vitabu? Ama mnamwandikia vingine kila akimaliza?" Kisha akaondoka. Hakuwahi kumwambia mwanawe asome kwa bidii. Ndiyo maana Kambi alimpenda hivyo, nadhani. Ni yeye peke yake ambaye hakuwa akimngojea afaulu.

Siku kumi na moja kabla ya mtihani, asubuhi, Charo alikuja jikoni. Charo ni ndugu yake Nyevu, mjomba wa Kambi. Sikumwuliza kitu. Uso wake ulitosha.

Nyevu alikuwa ameshikwa na homa siku tatu, na jana jioni alikuwa amekufa.

"Tunamzika leo jua likipinda," Charo akasema. "Lakini Mramba amesema kijana asiambiwe. Amalize kwanza. Anaogopa kile kichwa kitarudi kulekule. Nimeshapita kwa Padre, naye amesema hivyohivyo. Sasa nimekuja kwako, kwa sababu wewe ndiwe anayekuuliza."

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama nilimwona Kambi. Alikuwa amekaa chini ya upenu wa darasa, anasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Hatua thelathini, pengine. Ningemwita wakati ule angefika kwao kabla ya maziko. Yeye ni kifungua mimba, na kwao kifungua mimba ndiye anayetangulia kutia udongo juu ya mzazi. Angelia na wadogo zake. Angelala chini pamoja na watu wa hanga, yaani kilio, siku zote za matanga, na siku ya kunyoa nywele wangenyolewa wote pamoja.

Haya yote niliyajua. Nilijua pia vile mikono ile ilivyokuwa ikitetemeka. Mimi nilipofiwa na mume wangu niliambiwa sokoni na mtu niliyekuwa nikinunua samaki kwake, na kwa mwezi mzima sikujua mchana wala usiku. Nikasema, huyu mtoto simpeleki huko. Siku kumi na moja tu.

"Haya," nikamwambia Charo.

Kesho yake ilikuwa Jumwa.

Adhuhuri Kambi akatoka darasani akaja moja kwa moja mlangoni. Nilikuwa nimeshachemsha mihogo. Nilitafuta kikapu kinachofanana na cha Nyevu, nikaimimina humo. Hilo nalisema ili mjue kwamba sikuteleza ulimi tu. Nilikaa nikapanga.

"Mama hajafika?"

"Alifika mapema akaondoka. Alisema palizi inamngoja. Amekuachia hii."

Akanitazama. Alinitazama kitambo, kipande cha muhogo mkononi, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikafikiri ameshaujua uongo wangu. Kisha akatikisa kichwa kidogo, akainamisha macho, akala.

"Leo ametia chumvi nyingi," akasema.

Jumwa ya pili nikapunguza chumvi. Safari hii hakuuliza kwa nini mama hakungoja. Aliuliza tu kama hajambo, nikasema hajambo. Akasema, "Akija tena mwambie asitembee na jua hili. Nikimaliza nitakwenda mwenyewe, nikae naye mwezi mzima." Nikasema nitamwambia. Halafu akacheka akaongeza, "Na muulize, ananiombea mtihani kwa Mungu wa Padre au kwa koma za babu?"

Koma ni roho za wazee waliokufa, ambao watu wa kwao huwapa tembo la mnazi na kuwaomba mvua. Na yeye ambaye nilitumwa kwake alikuwa tayari miongoni mwao.

Jumwa ya tatu akaja akitabasamu kabla hajafika. "Amesemaje?"

Mungu anisamehe. Nilikuwa na jibu. Nililitunga nikiwa napepeta mchele, nikalisema kwa sauti ya Nyevu, na mkono kiunoni kama yeye: "Amesema anaomba kokote kule, atakayesikia kwanza ndiye atakayeshukuriwa."

Kambi alicheka hadi akashika ukuta. Sijapata kumwona akicheka vile, kabla wala baadaye. Baada ya siku mbili aliingia kwenye mtihani akiwa ametulia, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Alifaulu. Alikuwa wa pili kati ya sita.

Padre alisoma majina kesho yake asubuhi, wakapiga makofi, kisha akamwita Kambi chumbani kwake. Charo alikuwemo. Mimi nikasimama karibu na mlango. Charo ndiye aliyesema, kwa lugha ya kwao, maneno machache. Nikasikia neno "mayo", yaani mama, nikajua limeshatoka.

Kambi hakumtazama Charo wala Padre. Aligeuka akanitazama mimi.

"Lini?"

Nikamwambia siku.

Akahesabu kwa vidole, polepole, Jumwa moja, mbili, tatu. "Lile jibu lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Na mihogo?"

"Yangu."

Padre akaanza kusema kwamba yote yalifanywa kwa upendo. Kambi akamngoja amalize, maana ni kijana mwenye adabu. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi hulisikia mpaka leo nikipeta mchele.

"Mama Dorcas, Jumwa hakuna palizi. Hakuna mtu kwetu anayeshika jembe siku ya Jumwa, hata mtoto anajua. Uliponiambia palizi, nilijua si kweli. Nikasema, kuna jambo kwetu. Halafu nikasema, lakini Mama Dorcas hanifichi kitu. Basi ni kichwa changu kimeanza tena."

Mimi si Mgiriama. Wazazi wangu waliletwa pwani kwa minyororo kutoka Nyasa, wakaachiwa huru hapa misheni, nikazaliwa kwenye kengele na Jumapili. Jumwa kwangu ilikuwa siku ya kuja kwa Nyevu, basi. Sikukumbuka kwamba ni siku ya jembe kupumzika. Kwa kosa hilo kijana alishika ukweli mkononi, akautupa, kwa sababu mimi ndimi niliyemfundisha kuniamini kuliko anavyojiamini yeye. Alikaa siku kumi akiogopa akili yake mwenyewe, na akili yake ilikuwa nzima kuliko zetu sote.

Akaenda kwao. Charo alinihadithia. Hanga lilikuwa limekwisha, watu wamerudi mashambani, wadogo zake wamekwisha nyolewa na nywele zimeanza kuota. Alipoanza kulia, walimtazama kwa huruma, lakini machozi yao yalikuwa yamekwisha. Baba yake akamwambia, "Tulikulilia na sehemu yako, mwanangu." Kambi akachukua wembe akaenda nyuma ya nyumba akajinyoa mwenyewe. Charo alitaka kumsaidia kisogoni, akakataa. Alirudi na mikato mitatu kichwani.

Alipewa darasa Gede, watoto ishirini chini ya paa la makuti. Nilisikia kwamba anafundisha vizuri sana. Kisha nikasikia lingine. Kila mtu anayepita Gede akamwambia, "Nimetoka kwenu, baba yako hajambo, anakusalimu," Kambi hufunga darasa. Huchukua fimbo akatembea hadi kwao, safari ya siku nzima na zaidi, akamtazama baba yake kwa macho, akarudi. Padre aliandika barua mbili za kumwonya.

Nikaona niende. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga kwa miezi. Na kwa ujinga wangu nikapita kwanza kwao, nipate kitu kizuri cha kumpelekea. Mzee Mramba alikuwa juu ya paa anaezeka, akanisalimia kutoka hukohuko, ana nguvu kama kijana. "Mpelekee mwanangu salamu," akasema. Kuna zawadi gani bora kuliko hiyo?

Kambi alinipokea vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanipa maji, akanipa kiti, akasimama yeye. Alikuwa amekonda, na nyayo za miguu zimepasuka kama za mchukuzi. Nikasema niliyokuja kusema. Nikalia. Akasikiliza yote.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Nilikusamehe siku ileile."

Ningenyamaza hapo. Lakini nilifurahi, na mdomo wangu ni huu mnaoujua. "Na baba yako anakusalimu. Nimemwona jana kwa macho yangu, yuko juu ya paa anaezeka, mzima kabisa."

Nikaona uso wake ukijifunga. Akageuka akawaambia watoto waende nyumbani.

"Kambi, ni kweli! Wallahi ni kweli, naapa kwa Mungu ninayemwabudu!"

"Sisemi ni uongo, mama," akajibu kwa upole, akichukua fimbo. "Naenda kumwona tu."

Nikamfuata njiani nikimwita, hata pumzi zikaniishia. Hakugeuka. Alikuwa anatembea haraka, kichwa mbele, kama mtu anayewahi maziko.

Alifika akamkuta baba yake anakunywa uji. Akakaa naye kidogo, akanyanyuka, akarudi Gede.

Baada ya wiki mbili Mzee Mramba alikuja hapa misheni, yeye ambaye hajapata kuvuka lango letu hata siku mwanawe alipofaulu. Alisimama nje ya jiko, kofia mkononi.

"Mama Dorcas," akasema, "nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu, sasa nakuomba na wewe. Msimpelekee mwanangu salamu zangu tena. Akiuliza, semeni hamkuniona. Miguu yake imekwisha."

Nikamwambia sawa, baba. Na tangu siku ile, yeyote anayekwenda Gede humficha Kambi kwamba baba yake yuko hai.