Wamekiri Kuiacha

Kwa miaka tisa, kila Bibi Margareta alipomwona mkwewe akija njiani, alichepuka. Aliingia nyasini, akajitanda khanga hadi machoni, akayatazama mashamba mpaka mlio wa baiskeli upotee. Hilari naye alishuka, akaikokota Phoenix yake huku amegeuza uso upande wa pili. Tangu alipomwoa Theresia, binti wa Bibi Margareta, hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana. Wageni waliwadhania maadui, kumbe hivyo ndivyo mama mkwe na mkwe walivyotunziana heshima katika kijiji hiki cha ng'ambo ya mto, upande wa pili wa Kivukoni. Hilari aliionea fahari heshima hiyo kuliko hata cheo chake cha ukatibu wa kijiji.

Fahari yake ya pili ilikuwa Kiswahili chake. Alikitoa seminari, pamoja na mwandiko ulionyooka usiohitaji mistari. Tarafani walitania kwamba mihtasari ya Hilari ingefaa kusomwa redioni. Kwa hiyo mwaka wa tisini na nne, kampuni ya Bondeneema ilipokuja kutafuta mahali pa kulima mpunga kwa mashine, kila mtu alijua nani angeshika kalamu.

Ungekuwa ubia wa watatu, alieleza meneja, Bwana Bryson: kampuni ingeleta trekta na mbegu, serikali ingeleta hati, na kijiji kingeleta ardhi yake isiyo na kazi. Neno ubia lilimkolea Hilari. Alikwisha kudokezewa kwamba ubia huo ungehitaji afisa uhusiano, mtu wa hapahapa, mwenye lugha.

Siku ya mkutano, Gosbert, afisa ardhi wa wilaya, alinyoosha kidole kwenye ramani. Aliuliza zile nyasi ndefu nyuma ya kijito zilikuwa shamba la nani.

Bibi Margareta akainuka. Lilikuwa shamba la ukoo wake, na yeye ndiye mtunzaji. Alilipokea kwa mama yake na alikuwa akiwawekea wajukuu. Kwa Kiswahili chake cha kubahatisha alijibu kwamba wameiacha ardhi ile tangu mwaka wa mafuriko. Kiswahili kilipomwishia, akamalizia kwa Kindamba: ardhi ile imezaa mno, sasa ni mzazi aliyelala ndani, na mzazi haguswi mpaka siku zake zitimie. Imebaki mvua moja tu, wamtoe nje.

"Anasemaje?" Gosbert aliuliza.

Hilari alielewa kila neno. Lakini mkwe atayatamkaje mbele ya watu maneno ya uzazi yaliyotoka kinywani mwa mama mkwe wake? Uso ulimwaka. Angeweza kumwomba mtu mwingine atafsiri. Mkutano mzima ulijaa watu wa kuombwa. Hakumwomba yeyote.

"Anasema wameiacha," alijibu, akainamia karatasi.

Akaandika: *Wenyeji wamekiri kuiacha ardhi hiyo.* Hilo neno kukiri lilikuwa lake mwenyewe. Hakuna aliyelisema, lilimjia tu, likampendeza, akaliacha palepale. Waliojua lugha zote mbili walinyamaza, maana mwenye kalamu alikuwa mkwe wa mwenye shamba, na nani angemdhania vibaya?

Trekta liliingia Novemba.

"Mama anauliza," Theresia alimwambia mumewe akimtengea chakula, "kwa nini mzazi wake anaburutwa nje kabla ya siku zake."

Hilari akaeleza, kwa lugha nzuri kabisa, kwamba mama sasa ni mbia. Theresia akapeleka maneno hayo, akarudi na jibu fupi: mama anasema mbia huulizwa. Tangu siku hiyo alimtengea chakula bila neno.

Hilari alivumilia wiki moja, kisha akavuka mto kwenda Ifakara. Gosbert alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akasikiliza yote, mafuriko, mzazi na siku zake. Halafu akafungua jalada na kuusoma ule mstari kwa sauti, polepole.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Ungeandika vibaya kidogo, katibu, tungepata pa kubishania." Akafunga jalada. Hati ilikwisha kutoka. Barua ya kazi yake ya uafisa uhusiano nayo ilikuwa tayari, ile pale mezani, aichukue akitoka.

Akaichukua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, juu ya pantoni na njia nzima: kwamba mkono ulinyooka wenyewe. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kumstahi mtu.

Jua lilikuwa bado kali aliposhika njia ya nyumbani, trekta likivuma nyuma ya kijito. Mbele akamwona Bibi Margareta akija, jembe begani. Akashuka kwenye baiskeli, akageuza uso, akasubiri kusikia nyasi zikichakarika.

Hazikuchakarika. Nyayo zilikuja moja kwa moja, zikasimama. Hilari akainua macho. Khanga ilikuwa imefungwa kiunoni, uso uko wazi, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba macho yale yalikuwa ya Theresia.

"Katibu," Bibi Margareta alisema kwa Kiswahili, akilipanga kila neno. "Uliandika kwamba nimeacha. Haya. Nimeacha."

Akasubiri apishwe.

Hilari alirudi nyuma na baiskeli yake, hatua moja, hatua ya pili, mpaka nyasi zikamfika kiunoni. Bibi Margareta akapita katikati ya njia, bila haraka, kama mtu apitavyo mbele ya mtu asiyemjua. Hilari alibaki amesimama nyasini, barua ikichakarika mfukoni kila alipovuta pumzi.