Mama Mkwe na Kituo Bubu

Mama yangu na mume wangu waliishi miaka minne ya ndoa yetu bila kutazamana usoni sawasawa. Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na heshima, tena heshima iliyopita kiasi, ile inayomfanya mtu aogope hata kupiga chafya. Mama akija kututembelea, mume wangu humwamkia akiwa ameinamisha kichwa, huuliza habari za nyumbani, kisha ghafla hukumbuka friji ya mtu iliyoharibika upande wa pili wa mji. Ni fundi wa mafriji, kwa hiyo hakuwahi kukosa kisingizio. Mama naye alikuwa refa wa netiboli mpaka alipostaafu, amewahi kuwatoa uwanjani wanawake wenye mabega kama milango, lakini mbele ya mkwe wake alikuwa anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Basi mama akateleza kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, akavunjika mguu juu kidogo ya kifundo. Daktari akamfunga plasta, akamkataza ngazi mpaka mfupa uunge. Sisi tunakaa chini, chumba na sebule. Nikamleta kwetu, nikamtandikia kwenye kochi refu la sebuleni, mguu nikauweka juu ya mto. Nilifikiria choo, dawa na mahali pa kuweka magongo. Sikufikiria televisheni.

Televisheni yetu ni moja, na iko sebuleni. Wiki ile ile lilikuwa linatoka gemu ambalo mume wangu alilisubiri kama mtu anavyosubiri majibu ya posa. Linaitwa Kituo Bubu. Alikuwa amenieleza mara nyingi hata nikakariri: unalitazama ubavuni, mtu wako anakwenda kulia au kushoto, anaruka, anapanda, anatumbukia, kama chungu ndani ya kichuguu kilichopasuliwa katikati. Mtu mwenyewe ni mwanamke, mchomeleaji vyuma, aliyezinduka peke yake katika kituo kilichochimbwa ndani ya mwezi wa barafu, huko ambako jua ni nukta tu. Mashine za kituo zimenyamaza, na zile ambazo hazikunyamaza zimeingiwa na wazimu. Hakuna anayekwambia uende wapi. Unachunguza mwenyewe, unaokota chombo, na chombo hicho kinakufungulia mlango ulioupita zamani ukiwa umefungwa.

Ijumaa lilipotoka, mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mimi nilikuwa zamu duka la dawa, kwa hiyo yaliyotokea nilisimuliwa jioni na wote wawili, kila mmoja akimkata mwenzake kauli.

Alisubiri mama asinzie. Mama alipojifunika mtandio usoni, akawasha mashine yake ya gemu, akaondoa sauti kabisa, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Sasa kumpa mkwe mgongo ni utovu wa adabu, na kumkabili ni kazi asiyoiweza, akaona akae upandeupande, shingo imepinda. Gemu la ubavuni, na mchezaji naye ubavuni.

Mama hakuwa amelala. Macho hayana pazia, na mtandio ule ulikuwa mwepesi. Alimwona mwanamke mwenye kofia ya chuma akitumbukia shimoni, akarudi, akatumbukia tena. Alimwona akihangaika katika chumba chenye mabomba, huku haendi na kule hatoki, na mkwe wake akijifuta jasho. Alivumilia. Alivumilia tena. Mwishowe ule urefa ukamshinda.

"Baba," akasema chini ya mtandio, "hapo juu. Lile bomba moja linatikisika."

Mume wangu nusura aanguke na kigoda chake. Akatazama, na kweli, bomba moja katika yote lilikuwa linatetemeka kidogo tu. Akalipiga, dari ikafunguka, na yule mwanamke akatokea kwenye ukumbi mpana mno, taa yake haikufika hata nusu. Huko mbali, nyuma ya vioo vilivyopasuka, kulikuwa na kitu kikubwa kinapita taratibu. Mume wangu akasahau adabu zote, akafungulia sauti ili mama naye asikie: upepo, tone la maji, na buti za chuma zikibadilisha mlio kila zinapotoka kwenye bati na kukanyaga barafu. Mama akavua mtandio, akaomba asogezewe mto mgongoni.

Niliporudi nilitegemea kukuta nyumba kimya kama msibani. Tangu kwenye kibaraza nikasikia sauti ya mama, ile yake ya uwanjani ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu, ikimwamuru mtu arudi nyuma asimkimbilie adui. Jiko lilikuwa baridi. Hakuna aliyekumbuka kula.

Mume wangu ana kundi la wachezaji wenzake kwenye simu. Wiki ile hawakulala, wala hawakumpa mtu nafasi ya kulala, kila mmoja akituma sauti kueleza alivyoliona gemu. Mama akaomba asikilizishwe. Yupo dereva wa lori aliyesema anapenda uzito wa kuruka: mwanamke akitua magoti yanakunjika, na wewe uliyekaa unahisi vile vyuma alivyovaa. Yupo msusi aliyesifia rangi. Alisema kila upande wa kituo una mwanga wake, hapa kijani kama chupa, pale mwekundu kama makaa, hata ramani haihitajiki. Mwalimu mmoja wa hesabu yeye alilalamika kwamba amepotea Jumamosi nzima na ameanza kulichukia gemu, halafu baada ya muda mfupi akatuma sauti nyingine, anahema. Njia aliyodhani imempoteza ilimtoa nyuma ya mlango wa kwanza kabisa, ule uliomshinda mwanzoni, na alisimama akajipigia makofi peke yake.

Mama alicheka mpaka plasta ikagonga kochi. Mume wangu akamuuliza kama naye ana la kusema. Akakohoa kidogo, akaishika simu kama kipaza sauti.

"Mimi ni mgonjwa wa mguu," akasema, "sichezi, natazama. Ninavyoona, dada huyu hana papara, na gemu halimdanganyi. Akianguka ni kosa lake, akipita ni haki yake. Mechi za namna hiyo ni chache. Ila yule wa kwenye lifti, yule mdudu wa chuma, mnamwogopa bure. Mtazameni miguu."

Kundi zima likawaka. Wakamwita Refa, wakataka aongee kila siku. Mdudu aliyemsema ni mashine ya kuchimba yenye miguu mingi, inayoilinda lifti ya kuteremka chini kabisa ya kituo. Wanamwita Mchimbaji. Hakuna hata mmoja kundini aliyekuwa amempita. Mume wangu alikuwa amekufa mbele yake mara nyingi hata kidole gumba kikaota sugu.

Jumatatu akarudi kazini, nami zamuni. Mama akabaki na magongo yake, na pedi ya kuchezea ikabaki juu ya meza.

Siku za kwanza, alivyoniambia baadaye, alikuwa anamtembeza tu yule mwanamke kwenda na kurudi, ajifunze kitufe kipi kinarusha na kipi kinapiga. Alimtumbukiza kila shimo. Alicheza kwenye safari ile ile ya mume wangu, maana hakujua kama mtu anaweza kuanzisha yake. Alhamisi mchana akaona vidole vimekubali, akaenda kwa Mchimbaji.

Jioni ile tulikutana mlangoni, mimi na mume wangu, tukaingia pamoja. Mama alikuwa amekaa wima, uso unang'aa. Kwenye televisheni Mchimbaji alikuwa amelala chali, miguu juu, moshi unamtoka, na mlango wa lifti uko wazi.

"Baba, nimempiga," mama akasema.

Mume wangu akatazama skrini. Akatabasamu kwa midomo tu, akasema hongera mama, akaweka begi la vifaa chini, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amekaa kwenye ukingo wa kibaraza, ameshika tama.

Mama si mjinga. Ule mng'ao ulizimika mara moja, akarudi kuwa yule mama mkwe wa miaka minne. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amekosa, amechezea kitu cha mwenye nyumba bila ruhusa, na kwamba kesho nimtafutie gari arudi kwake. Nikamkumbusha ngazi. Akasema atazipanda kwa makalio, lakini hatakaa nyumba aliyomvunjia mtu heshima.

Nikatoka nje nimechemka. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba mtu mzima hanuni kwa ajili ya mdudu wa kwenye televisheni. Sikuyatoa. Mume wangu alinitangulia kwa kuuliza kama mama alitumia kamba ya sumaku au alimpiga kwa mkono. Nikamwambia simjui hata huyo sumaku. Akauliza kama alimpiga akiwa anageuka. Nikamwambia aende akamuulize aliyempiga.

Akainuka. Aliingia, na safari hii hakukaa upandeupande. Alivuta kigoda mpaka mbele ya kochi, akakaa, magoti yake yanakaribia plasta. Mimi nilibaki mlangoni.

"Mama," akasema, "sikununa kwa sababu umempiga. Nimenuna kwa sababu sikuwepo kuona."

Mama akamtazama. Naye akamtazama. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kila mmoja kuona mwenzake ana macho ya rangi gani.

"Basi nitampiga tena," mama akasema.

Haikuwezekana kumpiga tena kwenye safari ile, maana akishakufa amekufa. Ilibidi waanze mwanzo kabisa, pale mwanamke anapozinduka kwenye barafu, na hivyo ndivyo walivyofanya, wakipokezana. Mume wangu alikuwa na miruko, mama alikuwa na macho. Vyumba vilivyomchukua mume wangu mchana kutwa walivipita kama wapangaji wanaojua kila swichi ya taa. Mama alikuwa anataja njia kabla ukuta haujaonekana, na mume wangu, ambaye zamani alikuwa anamwita mama kwa sauti ya kunong'ona, sasa anambishia waziwazi kuhusu mlango wa kushoto.

Jumamosi mchana walimfikia Mchimbaji. Mume wangu alimpa mama pedi, akaiegemeza simu kwenye chupa ya maji irekodi, na jirani yetu fundi cherehani, aliyekuja kuazima pasi, akasimama dirishani asiondoke. Mama akajitengenezea mto, akavuta pumzi.

Hapo ndipo hata mimi nilipoona alichokuwa anakisema. Kwenye netiboli, ukishika mpira mguu mmoja lazima ubaki umekanyaga, na mwili wote unauzungukia huo. Mdudu yule, pamoja na miguu yake mingi, alikuwa na mmoja wa nyuma ambao kabla ya kila shambulio aliukita barafuni. Akishaukita hawezi kugeuka mpaka auinue. Wachezaji wote walikuwa wanatazama kekee zake za mbele, zinazozunguka na kutoa cheche. Mama alikuwa anatazama ule mguu.

Ukakitwa. Mwanamke wetu akaruka juu ya kekee, kamba ya sumaku ikanasa dari, akapita kichwani, akatua nyuma, akachomelea. Ukainuka, akakimbia. Ukakitwa tena. Muziki ukapanda, barafu ikaanza kupasuka chini yao, sehemu za sakafu zikadondoka gizani, na uhai wa mwanamke wetu ukabaki uzi mwembamba mwekundu. Mume wangu alikuwa amesimama, mikono kichwani. Fundi cherehani alikuwa anaomba Mungu. Mama alikuwa ametulia tuli, ametoa ncha ya ulimi, kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Pigo la mwisho lilipotua, Mchimbaji alijaribu kuuinua ule mguu, ukashindwa kuinuka, akaanguka chali. Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Nakumbuka mume wangu amemkumbatia mama yangu, mama naye anampiga mgongoni kwa pedi, na mimi nimekaa juu ya mkono wa kochi nalia kama mjinga.

Lifti ikaanza kushuka. Ilishuka kwa muda mrefu, giza tupu. Kisha chini yetu ukaanza mwanga wa buluu. Barafu ikaisha, na kumbe ndani ya ule mwezi mna bahari, ya joto, yenye misitu ya mimea inayowaka na kuzimika kama inayopumua, na vile vitu vikubwa tulivyoviona tangu mwanzo nyuma ya vioo vilikuwa vinaogelea humo na watoto wao. Hakuna aliyekuwa ameona picha yake mahali popote. Mama alishika kifua.

Mume wangu alisema aendelee. Mama akakataa, akasema ameshamaliza mechi yake, acheze yeye. Yeye naye akamrudishia. Wakasukumana hivyo, adabu zikawarudia zote kwa mpigo, mpaka nikachoka, nikainyakua ile pedi. Nikapiga hatua mbili kulia nikatumbukia shimoni. Walinicheka wote watatu, na jirani wa dirishani ndiye aliyecheka zaidi. Nikaanza tena.

Sauti ya mama kwenye kundi siku ile ilikuwa fupi. Alisema chini kuna bahari, asiwaharibie zaidi, mguu wa nyuma ndio ufunguo, na aliyebuni sehemu ile ana moyo mzuri. Siku iliyofuata mwalimu wa hesabu akapita, kisha msusi, kisha dereva wa lori, aliyeegesha lori njiani ili ashukuru.

Mfupa ukaunga, plasta ikakatwa, mama akarudi kwake na fimbo moja. Mume wangu ndiye aliyempeleka, akamshika mkono ngazi kwa ngazi, akamfungia mashine yake ya zamani kwenye televisheni ya huko. Siku hizi mama akipiga simu hapigi kwangu. Jana nilimsikia mume wangu sebuleni amebana simu kwa bega, pedi mkononi, anamwambia hapana mama, hapo nimeshapita, ni ukuta mtupu. Mama akasema jambo. Mume wangu akarudi nyuma, akaugonga ule ukuta.

Ukafunguka.