Mgonjwa wa Ng'ambo ya Bwawa

Daktari wa kliniki ni kijana wa rika la mwanangu Yasini, kwa hiyo hata aliponitisha, alinitisha kwa adabu.

"Mama, sukari yako imegoma kushuka kwa vidonge. Mwezi ujao ikiwa hivihivi tutaanza sindano. Utakuwa unajidunga mwenyewe nyumbani, kila siku."

Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo: niache vitamu, nitembee kila asubuhi. "Si mnakaa Pongwe? Lile bwawa la zamani la shamba la mkonge, lizunguke mara moja kwa siku. Linakutosha."

Niseme kweli: sindano naiogopa. Yasini nilimzaa bila kupiga kelele, lakini sindano ya pepopunda nilichomwa nimeshikwa na wanawake watatu. Na huko ni kuchomwa na mtu mwingine. Nijidunge mwenyewe, kwa mkono wangu huu? Bora nizunguke bwawa mpaka likauke.

Kesho yake nikajitanda khanga, nikatoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwetu mtu mzima hawezi kutembea. Kwenda anaweza: atakwenda sokoni, kisimani, msibani. Lakini kutembea tu, mikono mitupu, kuzunguka maji na kurudi pale pale ulipotoka, hilo halijapata kuonekana.

Zuwena, jirani yangu, alikuwa anafagia uwanja wake.

"Mama Yasini, waenda wapi?"

"Natembea tu."

"Watembea tu?" Ufagio ukasimama.

Ningeweza kumwambia ni sukari. Lakini mimi nauza visheti. Nani atanunua visheti kwa mtu aliyekwisha kuangushwa na sukari?

Niliporudi nikakuta baraza limejaa. Zuwena, mumewe, na Mzee Sadalla wa msikitini wamemweka kati mume wangu, Mwinyijuma. Ati amenifanya nini mpaka nimetoka nyumbani nisijue niendako? Maskini, jasho linamtoka, anaapa hajanipandishia hata sauti. Na ni kweli, mwanamume huyo hata neti haipandishi mwenyewe. Nikasema nilikuwa na mawazo kidogo. Wakatuombea dua, wakaondoka shingo upande.

Siku ya pili nikatumia akili. Nilichukua hotipoti langu kubwa, nikalifunga kwa kitambaa cha maua, nikalibeba mkononi. Mwanamke mwenye hotipoti haulizwi anakokwenda, anaulizwa mgonjwa nani. Ndani niliweka jiwe, kwa sababu hotipoti tupu linapepea mkononi, na Zuwena ana macho.

"Mgonjwa nani?" akauliza.

"Mama Bryson. Kule kambini."

Mama Bryson ni Imakulata, mjane wa Timotheo aliyekuwa mkata mkonge. Anakaa peke yake ng'ambo ya bwawa, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa shamba. Tulijuana kwa visheti tu, nilikuwa namuuzia Jumapili akitoka kanisani. Jina lake lilinijia kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya mbali kuliko zote.

"Maskini!" Zuwena akashika tama. "Anaumwa nini?"

"Viungo."

Basi nikawa natembea kwa raha zangu. Kila nyumba watu wananipigia kelele, "Mpe pole!", nami najibu, "Nitamfikishia!", miguu haisimami. Pumzi ikaanza kunikaa. Nikawa naona hata wale ndege wa majini wenye miguu kama ya Mwinyijuma, ambao miaka yote sikuwahi kuwatazama.

Asubuhi moja, nilipofika kambini, nikamkuta Imakulata amesimama mlangoni, mikono kiunoni, afya inaonekana tangu mbali.

"Mama Yasini, karibu unione. Nimesikia naumwa."

Akanivuta ndani. Mlikuwa na kikapu cha machungwa ya Muheza, mayai, kuku wawili wamefungwa miguu, chupa ya uji wa Zuwena, na asali aliyotuma Mzee Sadalla. Kumbe wanawake wa upande wetu walikuwa wanakuja kila jioni, makundi kwa makundi.

"Siku ya kwanza niliwaambia siumwi," alisema. "Wakasema ndivyo wanavyosema wagonjwa wanaojikaza."

"Mama Bryson, nisamehe..."

"Kwanza lete chakula changu."

Akafunua hotipoti. Akalitazama jiwe. Akanitazama mimi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, nami nikamweleza yote: sukari, sindano, Zuwena na ufagio wake.

Nilidhani atanifukuza. Akajifuta machozi, na sasa hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Tangu tumzike Timotheo, mlango huu ulikuwa unagongwa na upepo," alisema. "Bryson yuko Mwanza, anapiga simu. Juzi nimekosa hata mahali pa kuwakalisha watu. Mimi sitapona mpaka siku yako ya kliniki, Mama Yasini. Ila hotipoti hili, kuanzia kesho, liwe na visheti."

Niliona haya. Asubuhi zote zile nilikuwa nafika mlangoni kwake, napita zangu, na sikuwahi hata kupiga hodi. Jiwe hakunirudishia. Alilizuilia mlango, usijifunge, wageni waingie.

Nikapika visheti, sikuonja hata kimoja. Yeye alivila kitandani, vyake na vyangu. Maumivu yake yalihama kila alipoingia mgeni, Zuwena akaambiwa ni goti, mwenzake akaambiwa ni mgongo.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari alitazama kipimo, akakitazama tena. "Imeshuka, mama. Hakuna sindano. Lakini usiache kutembea." Nusura nimbusu. Nikaenda moja kwa moja kwa Imakulata, nimwambie sasa anaweza kupona.

Nikamkuta amekaa kitandani, mnyonge wa kweli.

"Jana Zuwena na wenzake wamenikodia bajaji," alisema, "wakanipeleka kwa nguvu nikapimwe. Goti halina kitu. Mgongo hauna kitu. Wamekuta sukari."

Nikakaa. Nilikuwa naviona visheti vyangu, kimoja kimoja.

"Daktari kasemaje?"

"Nitembee. Nizunguke bwawa." Akakunja uso. "Mimi sina hata mume wa kusingiziwa kwamba nimemkimbia. Wakiniuliza nakwenda wapi niseme nini? Tena nikipona, hapa haji mtu."

"Twende wote wawili."

"Wawili? Watasema tumegombana na Pongwe nzima."

Hotipoti lilikuwa juu ya meza, kati yetu. Nikamsukumia.

"Kesho naumwa mimi," nikamwambia. "Keshokutwa wewe. Tutakuwa tunapeana zamu."

Kesho yake nikalala, kitambaa kichwani, Mwinyijuma ameketi pembeni na uso wa huzuni niliomfundisha tangu alfajiri. Nilimsikia Imakulata kabla hajafika. Nyumba moja baada ya nyingine walimwita, "Mpe pole Mama Yasini!", naye akasimama kumjibu kila mtu, wala hana haraka. Akaingia anahema, uso umechangamka, hotipoti linamvuta mkono. Nikafunua. Jiwe langu, limeoshwa likatakata.

"Lizuilie mlango," alisema. "Zuwena yuko nyuma yangu na uji. Kanionjesha njiani, ni sukari tupu."

Zuwena akaingia, akamimina kikombe hadi ukingoni, akasimama angoje kiishe. Imakulata akanitazama, nami nikamtazama. Kisha sote wawili tukamgeukia Mwinyijuma, ambaye hajawahi kupimwa.