Nyuzi za Paja la Mama

Jana saa nane na robo mchana, nikiwa kwenye kiti kando ya kitanda cha mama wodini, niliota pia ya goti lake imefunguka kama kifuniko cha sufuria. Nikainama, nikaingia.

Kazi yangu ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mama ashonwe kano la goti, na msuli wa mbele wa paja ulikuwa haujakaza hata mara moja. Daktari alishasema: pia ya goti isipopanda kufikia kesho, goti linafunguliwa upya.

Ndani kuna korido. Utando mzito umefunika msuli mzima. Nyuma yake yapo mafungu ya nyuzi, kila fungu na utando wake, na ndani ya fungu kila uzi umevaa utando wake mwembamba. Napiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa.

"Karibu," unasema utando wa tatu. "Viatu uviache hapo."

Korido sasa ni ukumbi wa harusi. Nyuzi zimeketi kwa mafungu, nene mbele, nyembamba karibu na mlango. Nimelelewa vizuri. Naenda kwanza kwa wakubwa.

"Shikamooni."

"Marahaba," zinajibu nyuzi nene, wala haziinuki.

"Naomba mkaze. Hata nusu inatosha."

"Hapa hakuna nusu, binti. Uzi ukikaza, umekaza wote. Na sisi huitwa mwisho."

"Nani huitwa kwanza?"

"Wale uliowapita mlangoni bila kuwatazama. Umesoma wapi wewe?"

Swali la nani huitwa kwanza niliwahi kulijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Narudi mlangoni. Nyuzi nyembamba zimekaa mkekani, zimenuna.

"Hamjambo?"

"Hatujambo. Siku ya tisa leo tunasikia wakubwa wakiamkiwa," unasema mmoja. "Wewe kila siku 'Mama, kaza kwa nguvu zote!' Nguvu zote ni wao. Sisi ni kidogo tu. Nani ametuita?"

"Mnisamehe."

"Juzi alfajiri mama yako alijaribu mwenyewe, polepole. Tukatetemeka. Akaogopa mshono, akaacha. Hakukwambia."

"Basi naomba kidogo tu."

Birika la kalsiamu, madini yanayoamsha msuli, linazungushwa mkekani kama kahawa, kila uzi unapiga funda. Ndani yao vijiuzi vyembamba na vinene vinaanza kupishana. Hakuna hata kimoja kinachofupika, lakini ukumbi unafupika. Ukuta unanigusa mgongoni.

Niliamka saa nane na dakika thelathini na moja. Mama alikuwa macho, anatazama dari.

"Mama, juzi alfajiri ulijaribu kukaza paja."

Akanigeukia. "Nani kakwambia?"

"Likatetemeka, ukaacha."

"Nilikuwa peke yangu, Kibibi. Hata nesi hakuwepo."

"Jaribu tena. Kidogo tu."

"Siku zote unanipigia kelele kama kocha wa mpira, leo kidogo tu?"

Akafumba macho. Ukanda mwembamba wa nyama juu ya goti, upande wa ndani, ukatetemeka. Kisha paja zima likakaza, na pia ya goti ikapanda. Nikapima kwa rula: milimita nne.