Giaboksi ya Mzee Khisa

Kuku ndio waliomwonyesha Nelima. Asubuhi moja, akifagia uwanja, aliona nyayo nyekundu zimetapakaa kwenye saruji ya baraza, akadhani tetea amekanyaga msumari. Akamshika, akamgeuza miguu juu. Hakuwa na kidonda. Yalikuwa mafuta, mekundu kama dawa ya kupaka vidonda, na yalitoka chini ya gari la mkwewe.

Alimwambia mama mkwe, maana yeye hakuweza kumwambia baba mkwe. Kwa Wabukusu, mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja wala hawasemezani uso kwa uso. Mzee Khisa akitaka maji aliwaambia kuku. "Nyinyi kuku, aliye jikoni alete maji." Nelima aliyaweka juu ya jiwe, akarudi ndani.

"Gari la mzungu halivuji," Mama Masinde alimjibu. "Hilo ni jasho."

Wiki mbili baadaye jasho lilikwisha na safari zikaisha nalo. Injini ilinguruma vizuri, lakini magurudumu hayakusogea: giaboksi ilikuwa imekufa.

Ilikuwa van ya kijani. Mzee Khisa aliinunua kwa daktari wa ng'ombe wa Njoro aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na ilikuwa otomatiki: haina kilachi, gia zinajibadilisha zenyewe. Katika mtaa wao wa Bondeni hapakuwa na nyingine, na mzee alihakikisha Bondeni nzima inalijua hilo. Ndiyo iliyotakiwa kuwabeba wazee Jumamosi hadi Njoro, kwa baba yake Nelima, kumaliza maneno ya ndoa. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza gari lilikuwa halijapakwa rangi, mara ya pili mzee hakuyapenda matairi. Mpaka wazee wafike kule, Nelima alikuwa tu mgeni aoshaye vyombo katika nyumba ya watu, na mama yake alikuwa amechoka kuulizwa kisimani wakwe watakuja lini.

Mtu mwingine angempelekea fundi. Mzee Khisa alikuwa karani wa stoo katika karakana ya reli kwa miaka ishirini. Aliandika spana zilizotoka na spana zilizorudi, na kwa kuziandika sana aliamini amezishika. Akapata giaboksi nyingine Mai Mahiu, ya gari lililoanguka kwenye mteremko, akailaza uwanjani juu ya gunia, akavaa ovaroli ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani.

Jirani yake nyuma ya ua wa michongoma alikuwa Harjit, fundi wa magari. Alipita langoni akiwa na kikombe cha chai, akatazama.

"Mzee, leta kwangu. Siku mbili tu."

"Singh, mimi nimekaa na spana kabla hujaota ndevu."

"Ndevu mimi nazaliwa nayo," alisema Harjit. Akainama, akagusa duara zito la chuma mbele ya giaboksi, mfano wa sufuria iliyofunikwa. "Basi sikia. Hii konvata, kabla ya kupandisha, zungusha polepole, sukuma ndani. Italia ko. Zungusha, ko. Zungusha tena, ko. Mara tatu. Ikilia mbili tu, hapana funga. Ukivuta na bolti, pampu navunjika."

Alipoondoka, mzee aliwageukia kuku. "Ametafuta kazi, akakosa."

Nelima alikuwa bombani, mikono ndani ya maji, na alisikia kila neno.

Ijumaa, Masinde mume wake akiwa kiwandani, mzee alianza kazi na Micah, jirani aliyekuja kushika vitu na kusifu. Gari walikuwa wamelikweza juu ya mataruma ya reli. Mzee aliizungusha konvata, akasukuma.

Ko.

Nelima aliacha kusugua sufuria.

Ko.

Akangoja. Maji yalitulia ndani ya karai. Mzee alizungusha kidogo, akajipangusa paji la uso.

"Imeingia," alisema.

"Imeingia barabara," alisema Micah, ambaye hata baiskeli yake mwenyewe hufungiwa mnyororo na wengine.

Walipoipandisha chini ya gari, sauti ya Micah ilitoka huko. "Mzee, kati ya hii na injini kuna nafasi. Kidole kinapita."

"Bolti unadhani ni za nini?"

Akakaza ya kwanza, akakaza ya pili, akavuta mpaka chuma kikalia kwa uchungu. Nelima aliingia jikoni.

"Mama, imelia mara mbili tu."

"Nini?"

"Ile konvata. Singh alisema ni tatu."

Mama Masinde aliweka mwiko chini ili acheke vizuri. "Uliachia darasa la pili, leo unawahesabia wazee gia. Hiyo tatu yenyewe uliifikia?"

Nelima akarudi kwenye sufuria.

Jumamosi wazee wanne walijipanga ndani ya van wakiwa na makoti na kofia. Majirani walijaa langoni, kwa kuwa walikuwa wamealikwa kutazama. Mzee Khisa alikaza tai, akazungusha ufunguo.

Ulitoka mlio wa jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Kisha mafuta mekundu yakamwagika kama mtu amepindua ndoo. Kuku walikimbia, halafu wakarudi kuyakanyaga. Gari halikusogea hata unene wa kidole. Langoni Harjit aliendelea kunywa chai yake, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

"Watu wa Mai Mahiu wamenidanganya," alisema mzee akishuka. "Giaboksi ilikuwa mbovu."

"Mbovu kabisa," alisema Micah.

"Tutakwenda baada ya mavuno, gari likipona. Siwezi kufika kwa watu kwa basi kama mwuza vitunguu." Akatafuta kuku kwa macho. "Nyinyi kuku, aliye jikoni avue hiyo nguo nzuri, apikie wazee chai."

Masinde alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Nelima alitoka jikoni. Alipita tetea wa kwanza, akapita wa pili, hakusema nao. Alisimama mahali ambapo mke wa mwana hasimami, akamtazama mzee usoni.

"Baba, ililia mara mbili. Singh alisema tatu. Ulisikia, na mimi nikasikia. Hakuna aliyekudanganya. Na baba yangu amengoja mara mbili pia. Basi la Njoro linaondoka saa nne, na mimi nitakuwa ndani yake."