Jicho la Kushoto la Fundi Fulgensi

Usiku wa jana sikuwa na zamu, kwa hiyo niliota niko zamu. Ni mchana mweupe, wodi ya wanaume, upande tunaolaza walioumia kichwa. Nimevaa sare, nimebana nywele, na viatu vyangu vyeupe vimepigwa kiwi nyeusi. Hakuna aliyeshangaa, nami sikushangaa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hospitali imeinama.

Sheria yetu ni kwamba aliyeumia kichwa alazwe kichwa kikiwa juu, nyuzi thelathini. Vitanda vyetu vilikuwa na mipini ya kunyanyulia, lakini iling'oka zamani, na siku za kawaida tunaweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Katika ndoto uongozi ulikuwa umepata ufumbuzi: umeinua hospitali nzima nyuzi thelathini. Wagonjwa wako juu, ofisi iko chini. Ukiwaendea wagonjwa unapanda mlima. Ukiteleza, unaishia ofisini.

Nikaanza kupanda.

Kitanda cha juu kabisa, karibu na dirisha, amelala Fulgensi Mapunda, fundi mwashi aliyedondoka kutoka kwenye jukwaa. Huyu ni mgonjwa wetu kweli. Jana jioni nilipokabidhi zamu alikuwa anaongea vizuri na kuulizia pimamaji yake ya kunyooshea kuta. Mkewe, Daria, amesimama pembeni ya kitanda, khanga kiunoni, ananipungia mkono.

"Sista Otilia! Njoo umwone huyu. Amelala!"

"Mwache apumzike, Mama Erika."

"Apumzike mchana? Sista, tangu anioe hajalala mchana hata siku ya Krismasi!"

Nikasimama. Mtu wa kichwa akianza kusinzia bila mazoea, unamwamsha, unamuuliza jina lake, unamwambia akubane kidole, halafu unamwangalia macho kwa tochi. Mboni zikiwa sawa, unashukuru. Moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, huenda ndani kuna damu inajaa na kusukuma ubongo. Hapo humngojei daktari apite raundi. Unamwita papo hapo, maana ukichelewa mtu huyo hataulizia tena pimamaji. Haya sikufundishwa kwenye semina. Niliyasoma mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye kitabu kilichokuwa kinazuia mlango wa chumba chetu cha chai.

Nikapapasa mfukoni. Mlikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha.

"Nakuja, Mama Erika," nikasema, nikateleza mpaka ofisini.

Ofisini yuko mkuu wa wodi, Sista Gaudensia, ambaye sote tunamwita Inchaji. Amekaa mbele ya kabati lake. Masikioni, mahali pa hereni, amening'iniza funguo.

"Shikamoo, Inchaji. Naomba tochi."

"Marahaba. Tochi ipi?"

"Ile ya kabatini. Fulgensi anasinzia, nataka nimwone macho."

"Otilia, mdogo wangu, ile ni tochi ya ukaguzi."

"Najua, Inchaji."

"Wakaguzi wakija wakauliza tochi iko wapi, niwaonyeshe jicho la Fulgensi?"

Simlaumu. Tochi zilizotangulia ziliondoka na watu zikaenda kumulika mabanda ya kuku, na lawama zikabaki kwake. Hii moja ameifungia, na kila wakaguzi wakija inatolewa, inasifiwa, inarudishwa. Lakini nilihisi kitu kinapanda kifuani, polepole, kama maziwa yanayotaka kumwagikia jikoni.

"Basi nifanyeje?"

"Si una simu?"

Nikaitoa simu. Ikaniangalia, ikasema, "Chaji imeniishia tangu asubuhi, na ulikuwa unaniona." Kisha ikajilaza kifudifudi kwenye kiganja changu.

Kabla sijaijibu, mtu akanigusa bega. Lilikuwa Dodoso. Karatasi refu kama mlango, limevaa tai na viatu vilivyochongoka, na lina adabu sana.

"Samahani, dada. Tunafanya utafiti kuhusu mambo yanayoathiri utendaji wa wauguzi wanaohudumia majeruhi wa kichwa. Una dakika chache?"

"Sina."

"Asante. Tuanze. Wewe ni mwanamke?"

"Unaniona."

"Unakubali, au unakubali kabisa?"

"Nina mgonjwa huko juu."

"Mgonjwa yuko sehemu ya tatu," likasema Dodoso. "Bado tuko sehemu ya kwanza."

Nikaanza kupanda tena, Dodoso likinifuata nyuma. Viatu vyake havikuteleza hata kidogo.

Katikati ya mlima kulikuwa na mgawo. Sheria inasema kila mgonjwa wa kichwa asikose muuguzi karibu yake, na muuguzi aliyekuwepo ni mimi, kwa hiyo nikagawanywa. Kijana wa kitanda cha mlangoni alichukua mkono wangu wa kushoto, umshikie chupa ya dripu. Mzee mmoja mwenye bendeji alitaka sikio, ana jambo refu kuhusu mpaka wa shamba na kaka yake. Nikampa. Sikubishana, ndivyo tunavyofanya kila siku. Tofauti ni kwamba siku za kawaida nikiondoka naondoka na viungo vyangu.

Pumzi zikanikatika. Nikaona kiti cha plastiki, nikataka kukaa.

"Usinikalie," kikasema. "Nina cheti."

"Cheti cha nini?"

"Huduma ya majeruhi wa kichwa. Semina ya mjini. Nilihudhuria mwanzo hadi mwisho, sikutoka hata kwenda chooni."

Nikakumbuka. Jina langu ndilo lililopelekwa kwa ajili ya semina ile. Lilivyokuwa linapita mezani kwa watu likageuka la dereva, na lilipofika mjini, katika ndoto, likawa la viti.

"Vizuri," nikakiambia. "Twende basi ukanisaidie. Kuna mtu anasinzia pale juu."

"Dada yangu, mimi sasa ni mwezeshaji. Sishiki wagonjwa."

"Unakubaliana," Dodoso likadakia, "kwamba mafunzo huathiri utendaji wa muuguzi?"

"Kiulize kiti."

Likakiuliza. Kiti kikajibu kila swali kwa ufasaha mkubwa, na Dodoso likaandika mpaka likatoka jasho la wino.

Wakati huo Daria akanipita kwa kasi, amekalia khanga yake, anateleza kuelekea chini.

"Ufunguo anao nani?" akaniuliza akipita.

"Inchaji, masikioni!"

Nikamfuata. Tulipofika ofisini, Daria hakugomba. Alijifuta vumbi, akamtazama Inchaji upande mmoja, akamtazama upande wa pili.

"Dada, hereni hizi umezitoa wapi? Zimekupendeza kweli."

Inchaji akashika sikio. "Hizi? Za siku nyingi, mwenzangu."

"Niazime moja tu. Nikavae kwa mume wangu, labda ataamka."

Inchaji akaivua akampa. Ufunguo angeunyima, lakini hereni mwanamke hamnyimi mwenzake.

Tukafungua kabati. Tochi ilikuwa imelala ndani ya nailoni yake ya dukani.

"Fungeni, vumbi linaingia," ikasema. "Wakaguzi wamefika?"

"Hawajafika. Nataka twende tukamwone mgonjwa macho."

"Macho?" Tochi ikarudi nyuma kabatini. "Mimi sijawahi kuona jicho. Nimeona tai. Nimeona kola za mashati. Siku moja nilimulika soda. Jicho likinitazama je?"

"Utalizoea."

"Na sina betri. Ziliwekwa kwenye saa ya ukutani, ili wakaguzi wakija saa iwe inatembea."

Nikapanda juu ya meza ya Inchaji kwa mkono wangu mmoja, nikamwomba radhi, nikazitoa betri kwenye saa.

Muda ukasimama. Inchaji akabaki na kikombe kati ya meza na mdomo. Tone la dripu la yule kijana likaning'inia hewani. Daria hakusimama, alisema hana nafasi ya kusimama. Dodoso nalo liliendelea, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa linatumia muda wake.

"Je, ushirikiano wa ndugu wa mgonjwa," likauliza, "ni mdogo, wa wastani, au mkubwa?"

Daria, aliyekuwa ananisukuma mlimani kwa mabega yake mawili, akaligeukia. "Baba, hebu tupishe."

"Wa wastani," likaandika Dodoso.

Tukafika. Nikamwita Fulgensi kwa jina, hakuitika. Nikafungua kope la kulia, nikawasha tochi. Mboni ilikuwa ndogo kama punje ya pilipili manga, na mwanga ulipoigusa ikajikunja, kama inavyotakiwa. Tochi ikashusha pumzi. Nikafungua la kushoto.

Mboni ilikuwa kubwa kama mlango, na haikujikunja.

Tochi ikasema kwa sauti ndogo, "Humu ndani kuna mtu."

Nikaingiza kichwa, kisha bega, kisha nikawa ndani. Ni jengo ambalo halijaisha. Fulgensi yuko juu ya jukwaa, peku, mwiko mkononi, anajenga ukuta kwa haraka. Upande wa kushoto maji mekundu yanapanda, na ukuta unalalia upande wa pili.

"Karibu, sista," akasema bila kugeuka. "Angalia usijigonge kichwa."

"Fundi Fulgensi, kumbe uko huku. Mkeo anakuita."

"Namsikia. Siwezi kushuka. Kila nikiweka tofali, maji yanalisukuma. Toka nifike hapa naomba pimamaji, nyinyi mnaniletea uji."

"Ukuta utasimama mpaka lini?"

Akaupima kwa jicho, kama mafundi wanavyofanya. "Mimi siyo daktari. Lakini huu haungoji raundi. Hebu shika hapa."

Akanielekeza tofali moja lililokuwa linatoka mahali pake. Nikalikandamiza kwa dole gumba, udongo wa saruji ukiwa mbichi, wa baridi. Akainama kutafuta tofali jingine. Nimesimama hivyo, nimeushikilia ukuta wa mtu kwa kidole kimoja, maji yamenifika kwenye magoti, ndipo Dodoso likachungulia kupitia mboni.

"Swali la mwisho, dada. Hili halina namba, jibu kwa maneno yako mwenyewe. Kwa maoni yako, ni nini hasa kinachoathiri utendaji wako?"

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Hata nyumbani huniambia niongee tena kwa nguvu, hawakusikia. Nikageuka, bila kuachia tofali.

"Toka kwenye jicho la mgonjwa wangu!"

Kelele hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na jirani anafagia uwanja. Nikajipapasa. Mikono yote miwili ipo, masikio yote mawili yapo. Nikacheka kidogo, nikataka kujifuta uso, nikasikia kitu kinakwaruza shavu.

Kwenye dole gumba la mkono wa kulia kulikuwa na saruji mbichi.

Mtaani kwetu hakuna anayejenga. Niliinusa. Kisha nikachukua simu, ambayo ilikuwa na chaji tele na haikusema neno, nikampigia Binesta, mwenzangu aliyeko zamu.

"Dada Otilia! Leo si mapumziko yako?"

"Fulgensi anaendeleaje?"

"Salama. Ametulia, kalala."

"Mkewe anasemaje?"

"Aa, si unawajua ndugu wa wagonjwa. Analalamika tu. Eti mumewe hajawahi kulala jua likiwa limetoka."

Nikakaa kitandani wima.

"Binesta, mwangalie macho sasa hivi. Anza na la kushoto."

"Kwa tochi gani, dada? Inchaji hajaja na ufunguo."

"Tumia simu yako."

"Simu yenyewe si ndiyo hii iko sikioni?"

"Basi itoe sikioni, Binesta."

Ikakatika. Nikabaki nimekaa, nikijaribu kuikwangua saruji kwa ukucha. Ilikuwa imeanza kushika. Katikati yake kulikuwa na mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka, kama ukingo wa tofali.

Simu ikaita.

"Dada." Alikuwa anahema. "La kushoto ni kubwa. Dokta nimemwita, ameshafika, wanamwandaa kwenda kupasuliwa. Daria yuko naye. Lakini nani amekwambia?"

"Fundi mwenyewe," nikasema. "Mkimpeleka, mwambieni lile tofali bado nimelishika."