Kuonja Si Kula

Miguu ya Mama Keki ilianza kuwaka moto kabla mwenyewe hajakubali kwamba ni ugonjwa. Alidai ni viatu. Akanunua vipya, na moto ukahamia humo. Ndipo daktari alipomweleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kutosikilizwa, kwamba sukari iliyozidi mwilini imeijeruhi mishipa yake ya fahamu. Dawa atapewa, ila asipobadili chakula, kumtibu kutakuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Kilichomtia hofu hakikuwa kuungua. Katika bekari alikofanya kazi, meza ya kupambia keki ilikuwa ya mtu awezaye kusimama, na meneja alikwisha kumdokezea kwamba dirishani, kwenye kufunga maboksi, kuna kiti kizuri sana. Mama Keki alikiogopa kiti kile kuliko jeneza.

Wifi yake, mjane aliyeishi naye na mumewe na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitafuta vita vya haki vya kupigana, alilitwaa jiko siku hiyohiyo. Sukari ilitoka, mkate mweupe ukafuata, wali ukawa wa kupimwa kwa kikombe cha kahawa. Nyumba nzima ikala maharage na mboga za kuchemsha.

"Dada, mimi siumwi," mume wa Mama Keki alinung'unika, akilitazama bakuli lake kama mtu anayesomewa hukumu.

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Ndiyo nakwambia, mgonjwa si mimi."

"Basi kula kwa niaba yake."

Lishe hiyo ilifanya maajabu. Mume alipungua hadi akautoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari. Wifi mwenyewe akawa anapanda ngazi bila kuhema, majirani wakamsifu kwa kurudia usichana. Mama Keki peke yake ndiye aliyebaki na sukari juu na miguu juu ya makaa.

Wifi akaanza upelelezi. Alipekua chini ya mito, ndani ya mkoba, hata kwenye viatu vya kaka yake.

"Wifi, hebu nitazame machoni. Unakula vitu vitamu?"

"Haki ya Mungu, sijala."

Na hakuwa akisema uongo. Hilo ndilo lililoifanya kesi iwe ngumu.

Siku wifi alipompelekea chakula cha mchana kazini, aliukuta ukweli umesimama peupe mbele ya bakuli la krimu. Mama Keki alichota kijiko, akatia mdomoni, akatafakari, akaongeza vanila, akachota kingine. Akahamia bakuli la chokoleti. Akahamia la limau. Muda wote huo alikuwa akizungumza na mwokaji wa mikate habari za mvua.

"Wifi, unakula nini?"

"Sili. Naonja."

"Kutwa nzima?"

"Sasa keki ya harusi ya watu itoke bila kuonjwa? Huo si wizi?"

"Kuonja si kula, dada," mwokaji aliunga mkono, unga ukiwa umempanda hadi kwenye nyusi. "Huku hatuhesabu."

"Ninyi hamhesabu. Miguu yake inahesabu."

Mama Keki alikitazama kijiko. Akiacha kuonja, keki zitatoka gizani, wateja watalalamika, na kiti cha dirishani kinamngoja. Akiendelea, miguu itamwangusha, na kiti kilekile kinamngoja. Njia iliyobaki ilikuwa kuazima ulimi, na ulimi uliokuwa karibu ulikuwa wa mwanamke aliyeapa kwamba sukari ni sumu.

"Onja wewe," alisema hatimaye, akimpa kijiko safi.

Wifi alisita kama bibi harusi. Akaonja krimu ya limau, akafumba macho, akakilamba kijiko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Limau imezidi. Na siagi hukuipiga vya kutosha, inaganda kwenye kaakaa."

Mama Keki aliinua kijiko chake ili aonje na kumuumbua, kikaishia kidevuni. Akakielekeza kwa mwokaji. Mwokaji alilamba, akainamisha macho kwenye donge lake la unga.

"Kweli," alisema polepole, kama anayesaliti jeshi.

Kwa muda miguu ilisahaulika. Palipouma palikuwa pengine kabisa. Kisha Mama Keki akaipiga siagi upya, akaongeza sukari kidogo, akamsogezea wifi kijiko kingine. Meneja alipopita aliuliza huyu mgeni anafanya nini mezani.

"Huyu ni ulimi wangu," Mama Keki alijibu bila kuacha kupiga. "Miguu bado ninayo mwenyewe."